Dawa ya risasi, na karai lililobaki uani

Nimeliona mwaloni, si mbali na Igombe, Mwanza: karai juu ya mkaa, madini ya risasi kutoka betri chakavu ya gari yanayeyushwa iwe vizito vya nyavu, na mtoto amechuchumaa pembeni akiokota vipande vinavyong'aa. Yakizungumzwa madhara ya sumu hiyo ya risasi, watu hugawanyika. Wapo wanaotaka hospitali ziwe na dawa ya kuondoa risasi mwilini. Wapo wanaosema dawa ni kupoteza fedha, tuondoe sumu yenyewe.

Hawa wa pili wana hoja nzito. Saksima, kidonge kinachonasa risasi damuni na kuitoa kwa mkojo, ilijaribiwa Marekani kwa watoto 780 wenye kiwango cha kati, mikrogramu 20 hadi 44 kwa desilita ya damu. Matokeo yaliyotoka 2001 yalionyesha kiwango kilishuka, lakini akili za watoto hao hazikuwapita wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tena risasi hujificha mifupani miaka mingi. Dawa ikiisha, hurudi damuni. Na mtoto akirudishwa palepale penye karai, tumemsafisha damu ili ameze sumu upya.

Ila siwezi kwenda nao hadi mwisho. Mtoto aliyepoteza fahamu kwa risasi hawezi kusubiri ua ufagiliwe. Kule Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa vumbi la mawe ya dhahabu yenye risasi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliwapa watoto dawa, na udongo wa majumbani ukaondolewa. Vyote viwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 umechora mstari: mtoto wa miaka 10 kushuka chini akiwa na mikrogramu 45 au zaidi, apewe dawa; kuanzia 5, chanzo kitafutwe.

Mstari huo haufai kitu bila kupima damu, na hapo ndipo ninapoumia. Degedege, ambayo risasi nayo huweza kuileta, huku Kanda ya Ziwa huwaziwa malaria kwanza, na mara nyingi ndiyo yenyewe. Lakini kipimo cha malaria kikitoka safi, nani anawaza risasi? Fungu likiwa dogo, mimi ningeanza na kipimo cha damu, kisha akiba ndogo ya dawa kwenye hospitali ya rufaa kama Bugando. Hata kabla ya hayo, muuguzi wa zahanati anaweza kuuliza leo hii: mama, risasi za nyavu huko nyumbani mnayeyushia wapi?