Tusimsingizie Mungu ajali zetu

Kinachoniuma katika misiba ya barabarani hapa Tanga ni maneno yanayofuata. Maiti bado iko mochwari, lakini kwenye jamvi watu wameshaanza: "ajali haina kinga", "siku zake zimefika", "Mungu kapanga". Ukithubutu kuuliza dereva alikuwa na mwendo gani, unatazamwa kama uliyekufuru. Mimi naamini kadari kwa moyo wote, na ndiyo maana sikubali itumike kufunika uzembe.

Neno ajali lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko halihusiani na magari kugongana. Ni muda uliowekewa mwisho. Kurani inalitumia hata kwa deni: aya ya 282 ya Suratul Baqara inaamrisha watu wakikopeshana mpaka muda maalumu, waandikiane. Inalitumia pia kwa uhai, kwamba kila umma una ajali yake, na ikifika hawaicheleweshi hata saa moja. Kwetu neno limehamia kwenye tukio: gari kupinduka, chombo kuzama, nyumba kuungua. Tunataja gari lililopinduka, lakini masikioni bado tunasikia amri ya Mungu. Kadari nayo ni ndugu wa kadiri, kukadiria na makadirio. Ni kipimo, na mwenye kupimiwa hakuambiwa afumbe macho.

Kuna kisa ambacho natamani kisomwe misikitini kila tunapozika watu wa barabarani. Khalifa Umar bin al-Khattab alikuwa safarini kwenda Sham, yaani Syria na nchi jirani, akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Akashauriana na wenzake, akaamua kurudi. Abu Ubayda, sahaba mkubwa, akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu kuwa ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Akamwuliza: ungekuwa na ngamia ukashuka bonde lenye upande wa majani na upande mkame, popote utakapowalisha si ni kwa kadari yake? Abu Ubayda mwenyewe alifariki kwa tauni hiyo mwaka 639. Hakuna aliyesema Umar alikuwa na upungufu wa imani.

Sasa simama kidogo Ngamiani jioni. Bodaboda anapita kapakia mshikaki, mama na watoto wawili, helmeti imening'inia kwenye usukani, mkanda wake ulishakatika. Hiyo imeandikwa wapi? Februari 2023, Magila Gereza wilayani Korogwe, Fuso liligongana na Coaster iliyokuwa ikisafirisha maiti kwenda kuzikwa. Wafiwa wakageuka marehemu; watu wasiopungua 17 walikufa. Polisi walieleza kuwa Fuso lilikuwa likijaribu kulipita gari jingine. Roho zile zilitoka kwa idhini ya Mungu, sibishi. Usukani ulikuwa mkononi mwa mtu.

Najua wengine husema maneno yale kwa kumfariji mfiwa, na mama aliyepoteza mwanawe ana haki ya kushika chochote kitakachomsimamisha. Mwacheni aseme. Ninaowasema ni sisi wengine: mwenye chombo aliyejua breki hazishiki, abiria tuliokuwa tunamshangilia dereva aongeze mwendo, jirani anayempa kijana asiye na leseni pikipiki ya hesabu ya kila siku. Sisi hatuna huzuni ya kufarijiwa kwa neno kadari. Tuna maswali ya kujibu.

Basi dua ikishasomwa na wali ukishaliwa, wazee wa mtaa wamwite mwenye pikipiki pembeni, kwa adabu lakini bila kumung'unya maneno, wamuulize nani alikuwa anaendesha, na kwa leseni gani.