Baba, mwana na benchi: nani arithi kiti cha kocha wa miaka 40?

Tarehe 19 Juni 2019, mjini Omaha katika jimbo la Nebraska, timu ya besiboli ya chuo kikuu cha Florida State ilifungwa 4-1 na Texas Tech na kuaga mashindano ya taifa ya vyuo. Kocha wao, Mike Martin, alikuwa na miaka 75. Mgongoni alivaa namba 11, maana katika besiboli kocha huvaa jezi kama wachezaji wake, na namba hiyo ilishageuka kuwa jina lake: pale Tallahassee, mji wa chuo hicho, ukisema "Kumi na Moja" kila mtu anajua unamsema nani. Ilikuwa mechi yake ya mwisho. Aliondoka na ushindi 2,029, idadi ambayo hakuna kocha wa besiboli ya vyuo vya daraja la kwanza aliyekuwa ameifikia, na bila kombe la taifa hata moja.

Siku chache baadaye chuo kikatangaza mrithi. Alikuwa Mike Martin Jr., mwanawe wa kumzaa, aliyekaa pembeni yake kama kocha msaidizi kwa miaka 22. Juni 2022 huyo mrithi akafukuzwa. Nafasi yake akapewa Link Jarrett, aliyewahi kucheza chini ya mzee huyo huyo, akaenda kutafuta maisha kwingine, kisha akarudi nyumbani kama bosi.

Tangu hapo ubishi haujaisha. Wapo wanaosema kosa lilikuwa kumpa mwana kiti cha baba, na wapo wanaosema kosa lilikuwa kumnyang'anya mapema. Mimi naona 2019 walikosea, ila sikubaliani na sababu inayotajwa na wengi, yaani undugu. Na naona 2022 nako hawakutenda haki.

Tuanze na benchi lenyewe, maana mijadala mingi inaliruka. Mtu akisikia kocha amekaa miaka 40 anamfikiria mtu mmoja. Lakini tazama mechi ya besiboli ya vyuo kwa dakika tano tu. Mdakaji amechuchumaa nyuma ya mpigaji. Kabla ya kila mpira anageuza shingo kuelekea benchi. Pale amesimama kocha wa warushaji; anagusa kofia, anagusa pua, anapitisha kiganja kifuani, anagusa kofia tena. Mdakaji anasoma, anamwonyesha mrushaji kwa vidole, mpira unarushwa. Kisha shingo inageuka tena. Hivyo hivyo mara 130 au 140 katika mechi moja. Siku hizi sheria inaruhusu kifaa cha kielektroniki kufikisha agizo, lakini anayeamua ni yule yule: kocha msaidizi ambaye jina lake hulisikii kwenye habari za jioni.

Na hayo ni ya uwanjani tu. Kazi kubwa zaidi ya wasaidizi ni kusaka vijana. Kwa miaka mingi timu nzima ya besiboli ya chuo iliruhusiwa kuwa na ufadhili kamili 11.7 tu, ugawanywe kwa wachezaji wasiozidi 27. Nusu kwa huyu, robo kwa yule. Fikiria unakwenda kwa mzazi ambaye mwanawe ana kipaji cha kutisha, timu za kulipwa nazo zinambembeleza, halafu unamwambia chuo kitalipa robo ya gharama. Mzazi huyo haridhiki kwa jina la kocha mkuu peke yake. Anaridhika kwa sababu kuna mtu amekaa juani viwanja vya shule miaka miwili akimtazama mwanawe, anajua goti lipi liliwahi kumsumbua na anampigia simu hata timu inapofungwa. Martin alikuwa na mtu wa namna hiyo, Jamey Shouppe, aliyekaa naye zaidi ya miaka 20 kabla ya kwenda kuwa kocha mkuu wa Florida A&M, chuo kilicho mji huo huo wa Tallahassee. Na mwanawe mwenyewe aliwafundisha wapigaji na kuongoza usajili.

Mfano wa Buster Posey unatosha. Alifika Florida State 2006 akicheza kati ya besi (vituo vya kukimbilia) ya pili na ya tatu. Mwaka uliofuata benchi likamhamishia nyuma ya mpigaji, awe mdakaji, kazi ambayo hakuwa ameizoea. Mwaka 2008, katika mechi dhidi ya Savannah State, walimchezesha nafasi zote tisa kwa siku moja, na bado akapiga mpira nje ya uwanja besi zote zikiwa na watu. Mwaka huo akachukua tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na baadaye akashinda mataji matatu ya ligi kuu na San Francisco Giants akiwa mdakaji. Kumhamisha kijana kutoka mahali anapong'ara na kumweka mahali pagumu ni uamuzi wa watu wanaoaminiana muda mrefu. Benchi linalobadilishwa kila baada ya miaka miwili halithubutu hivyo.

Hapo ndipo hoja ya wanaotetea urithi wa ndani inapopata nguvu. Wanasema, na sioni pa kuwapinga, kwamba maarifa ya namna hii hayaandikwi kwenye daftari ukamkabidhi mgeni. Wanakumbusha pia kwamba Martin mwenyewe alitoka benchi. Alikuwa msaidizi pale tangu katikati ya miaka ya 1970. Dick Howser alipokuja kuwa kocha mkuu 1979, akakaa msimu mmoja na kuitwa kuongoza New York Yankees, timu ya kulipwa, chuo hakikutangaza vita ya kusaka jina kubwa. Kilimgeukia aliyekuwa karibu. Matokeo: misimu 40, yote na ushindi usiopungua 40, yote ndani ya mashindano ya taifa, na safari 17 za Omaha, ambako kila Juni hubaki timu nane tu. Ukisema msaidizi hawezi kuwa bosi, lazima kwanza umfute Mike Martin.

Wana mfano mwingine mzuri zaidi. Augie Garrido alijenga timu ya chuo cha Cal State Fullerton, akatwaa makombe ya 1979, 1984 na 1995, kisha akaenda chuo kikuu cha Texas. Fullerton wakampa timu msaidizi wake, George Horton. Mwaka 2004 Horton akakutana na Garrido fainali, mwanafunzi dhidi ya mwalimu, na mwanafunzi akachukua kombe.

Lakini ukimtazama Horton kwa makini utaona kitu ambacho watetezi hawa hawakitaji. Kabla ya kukaa benchi la Garrido alikuwa kocha mkuu wa Cerritos, chuo cha miaka miwili huko California. Alishawahi kupanga kikosi chake na kumwacha nje kijana anayempenda. Alishafungwa mechi ambayo lawama zake hazikuwa na pa kwenda ila kwake. Alipoingia kwa Garrido hakuingia kama mtoto.

Mwana wa Martin hakuwahi kupata hilo. Alicheza chini ya baba yake kama mdakaji, akarudi kama msaidizi wa baba yake, na siku alipopewa timu ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa kocha mkuu popote. Undugu wenyewe haukuwa tatizo. Angekuwa mpwa wa jirani hali ingekuwa ile ile. Kwa miaka 22 kila uamuzi mgumu ulikuwa na mzee wa kuubeba. Msaidizi anajua kila kitu cha timu isipokuwa kule kulala na uamuzi wako peke yako, na hicho hufundishwi na yeyote.

Ubaya zaidi ni kwamba huyo mzee alikuwa bado yuko mjini. Uwanja unaitwa Dick Howser, na tangu 2005 eneo lenyewe la kuchezea lina jina la Mike Martin. Kijana alikuwa anafundisha juu ya nyasi zenye jina la baba yake, ambalo ni jina lake pia, mbele ya mashabiki wa Sehemu B, wale wanaojiita Wanyama, ambao katikati ya kila mechi, awamu ya tano, husimama na kuimba wimbo wa taifa wa Kanada kwa sauti zote. Wamefanya hivyo kwa miaka na miaka. Pale mila ni kitu kizito. Yeyote aliyewahi kurithi duka, shamba au kiti cha ualimu kutoka kwa mzazi aliyependwa anajua wateja wanavyokuangalia mikono: wanapima kila unachokata kwa kipimo cha aliyekutangulia. Wapenzi wa soka watamkumbuka David Moyes baada ya Ferguson, naye hata hakuwa ndugu.

Kwa hiyo kuna njia ya tatu: kumchukua mwana wa nyumbani aliyekwenda kutembea. Chuo kikuu cha Stanford walifanya hivyo. Mark Marquess aliwafundisha misimu 41, akastaafu 2017, na kiti kikaenda kwa David Esquer, aliyekuwa mchezaji wake kwenye kikosi cha ubingwa cha 1987 kisha akawa kocha mkuu wa chuo kikuu cha California kwa miaka mingi. Stanford wakafika Omaha miaka mitatu mfululizo, 2021 hadi 2023. Jarrett naye ana njia hiyo hiyo. Alicheza Tallahassee miaka ya 1990, na mwaka ule wa 2019 alikuwa kocha mkuu wa UNC Greensboro. Florida State wakampita; Notre Dame wakamchukua majira hayo hayo. Mwaka 2022 akawatoa Tennessee, timu namba moja nchini, nyumbani kwao Knoxville, akaipeleka Notre Dame Omaha. Wiki chache baadaye alikuwa Tallahassee.

Nakiri njia hii nayo si dawa. LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, walikuwa na Skip Bertman, makombe matano kati ya 1991 na 2000. Bertman alipopanda kuwa mkurugenzi wa michezo, timu ilikwenda kwa Smoke Laval, msaidizi wake wa zamani aliyekuwa amekwenda kuwa kocha mkuu kaskazini mwa Louisiana kisha akarejea. Nyumbani katoka, nje kapita, kila kigezo changu anacho. Alifika Omaha 2003 na 2004, lakini 2006 akakosa kabisa kuingia mashindanoni na ukawa mwisho wake. Chuo kikuu cha South Carolina nako Ray Tanner, bingwa wa 2010 na 2011, alipanda cheo na kumwachia msaidizi wake Chad Holbrook, aliyejiuzulu 2017. Visa viwili hivi vinanifanya niamini kwamba bosi wa zamani kubaki juu ya mrithi wake kama mwajiri ni mzigo wa pekee, hata kama pande zote zina nia njema.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Tunapowasifu makocha wa miaka 40 tukumbuke nani aliyalipia. Hadi Julai 2023 kanuni za vyuo ziliruhusu timu ya besiboli kumlipa kocha mkuu na wasaidizi wawili tu. Wa tatu aliitwa kocha wa kujitolea. Anafika alfajiri kama wenzake, anapiga mipira ya mazoezi mpaka viganja vinachubuka, halafu hana mshahara wa chuo, anaishi kwa kambi za watoto za likizo. Nani anaweza kuishi hivyo miaka mitano? Mwenye mke anayefanya kazi, au mwenye wazazi wenye uwezo. Wengine wenye akili ya mchezo walishakata tamaa na kwenda kuuza bima. Waliokuwa wakijitolea walikwenda mahakamani, na kesi ikaishia kwenye makubaliano ya fidia ya takriban dola milioni 49. Hivyo kocha anapokaa miaka 40, na nafasi za kulipwa chini yake ni mbili, hesabu ni ndogo: watu wachache sana hupita mlango ule, na wanaopita mara nyingi ni wale walio karibu na nyumba. Hapo hoja ya undugu ina ukweli, lakini ni lawama ya kanuni kuliko ya baba.

Matokeo yaliyofuata yanatumiwa na pande zote mbili. Msimu wa kwanza wa Jarrett, 2023, timu ilishinda mechi 23 na kufungwa 31, ikakosa mashindano ya taifa kwa mara ya kwanza tangu 1977. Mwana wa Martin hakuwahi kukosa. Februari 2024 mzee mwenyewe akafariki akiwa na miaka 79, na Juni ya mwaka huo huo Jarrett akaifikisha timu Omaha, hadi nusu fainali, alikotolewa na Tennessee waliokwenda kutwaa kombe. Anayetaka kumsifu Jarrett anaanzia 2024, anayemlilia mwana wa mzee anaanzia 2023.

Kamati ya 2019 ilipaswa kumwambia Martin Jr. waziwazi: nenda mahali padogo, uwe kocha mkuu miaka minne, mlango hapa hatuufungi. Hawakumwambia. Na wakishampa kazi, walipaswa kumpa muda wa kazi yenyewe. Msimu wake wa kwanza ulikatwa na korona baada ya mechi 17, akiwa ameshinda 12. Msimu wa 2021 alishinda 31 na kufungwa 24. Ule wa 2022, 34 kwa 25. Mtu aliyelitumikia benchi lile miaka 22 alihukumiwa kwa misimu miwili kamili.