Mama aliuliza mwenye msitu ni nani

Julai iliyopita Mama alikuja kunitembelea Kuopio, Ufini. Jioni yetu ya kwanza kwenye kisiwa cha Linnansaari alisimama mbele ya banda la kuni akaniuliza, "Mwenyewe yuko wapi tumwombe?" Banda lilikuwa wazi. Magogo yamepangwa hadi karibu na paa, shoka limechomekwa kwenye kigogo, msumeno unaning'inia ukutani. Nikamwambia hakuna wa kuombwa, kuni ni za yeyote anayepiga kambi hapa. Hakuamini. Alichukua vipande vitatu tu, maana kwetu Chato, Tanzania, kuni zisizo na mwenyewe hazipo.

Ndugu zangu wakinipigia huuliza habari za mshahara na theluji. Msitu hauulizwi kamwe, na kwangu mimi hapo ndipo Ufini inapoachana kabisa na nyumbani.

Nilipokuwa napanga safari ile nilianza kutazama mahema ya kifahari: kitanda cha mbao, shuka nyeupe, taa za kuning'inia, chai inaletwa mlangoni. Bei ya usiku mmoja ingelisha nyumba yetu Chato wiki nzima. Lakini hata ningekuwa na fedha hizo, nisingezitoa. Nilitaka Mama aone wanavyopumzika Wafini wa kawaida, fundi bomba na mwalimu wa shule ya msingi, na wao hubeba hema lao mgongoni.

Nchi hii ina maziwa yapata 188,000 ukihesabu na yale madogo, na misitu imefunika karibu robo tatu ya ardhi. Kubwa kuliko yote ni Saimaa, ziwa lililokatikakatika kwa maelfu ya visiwa. Linnansaari imo humo, upande wa Haukivesi, na ni hifadhi ya taifa tangu 1956. Unafika kijiji cha Oravi kwa gari, unapanda boti ya ratiba ya kiangazi, unashuka na mizigo yako. Kiingilio hakuna. Choo ni cha shimo, badala ya maji unamwaga pumba za mbao. Mapipa ya taka hayapo: ulichokuja nacho utaondoka nacho, hata ganda la yai. Likitolewa onyo la moto wa msituni, moto wa wazi unapigwa marufuku hata pale palipojengwa kwa ajili yake, kwa hiyo anayepanga safari hubeba na jiko dogo la gesi. Na mbu! Wa huku hawaleti malaria, ila wanakuja kwa jeshi. Chandarua tulichotoka nacho Chato kilitufaa sana.

Nyuma ya yote hayo kuna kitu wanachokiita jokamiehenoikeus, haki ya kila mtu. Nje ya hifadhi, unaweza kupita katika msitu wa mtu, kuchuma matunda na uyoga, hata kulala usiku mmoja kwenye hema, mradi uwe mbali na nyumba yake na usiharibu kitu. Moto ndio unaohitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Ndani ya hifadhi kama Linnansaari masharti yanaongezeka: hema linasimama kwenye vituo vilivyotengwa tu, na wanaolinda sili wa Saimaa, mnyama wa majini anayekula samaki, hawana mchezo. Mnyama huyu haishi popote pengine duniani, na aliponea chupuchupu. Miaka ya 1980 walibaki chini ya 200, leo ni kama 500. Sisi hatukumwona hata mmoja. Wakati mzuri ni Mei, wanapojianika juu ya miamba.

Sasa niseme la nyumbani. Nimekua nikitazama kisiwa cha Rubondo kutoka ufukweni. Ni hifadhi ya taifa tangu 1977, msitu mnene uliozungukwa na Ziwa Victoria, una tembo, nzohe (swala wa majimaji), na sokwe waliotokana na wale 17 walioletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960. Nilikikanyaga kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 34, na nauli niliipata Ufini. Mama ana miaka 67, hajawahi kufika. Tulipokuwa watoto tuliamini kile ni kisiwa cha Wazungu, na hakuna mtu mzima aliyetusahihisha.

Hilo linaniuma. Wala si kiingilio, maana Mtanzania analipa kwa shilingi, kiasi kidogo mno kuliko mgeni. Kinachomkwamisha ni boti. Familia ya watu watano wa Chato ikikodi boti yake peke yake, safari imekufa kabla ya kuanza.

Najua haki ya kila mtu haiwezi kuhamishwa kama mche wa mwembe. Rubondo kuna mamba na viboko, huwezi kusimamisha hema utakapo. Saimaa wanangu wanaruka majini bila kuuliza, Victoria lazima ufikirie kichocho. Na Wafini hawazidi milioni 6 katika nchi kubwa, wengi wanapikia umeme. Kwetu msitu ukiachwa wazi utageuka mkaa. Walinzi ni lazima.

Ila boti ya ratiba, hata mara mbili kwa wiki wakati wa likizo za shule, inawezekana. Mabanda ya bati yenye mkeka na jiko yanawezekana. Mtoto wa darasa la sita wa Muganza kulala usiku mmoja kisiwani na mwalimu wake, asikie sokwe alfajiri, linawezekana. Tukizidi kujenga mahema ya vitanda vya kifahari pekee, huyu mtoto atakuwa mlinzi au mpishi pale, mgeni hatakuwa kamwe.

Usiku ule jua liligoma kuzama sawasawa. Wafini wanajua kunyamaza, unaweza kukaa nao moto mmoja saa nzima bila neno. Mama hakuijua desturi hiyo. Aliwasogelea wazee wawili wa moto wa jirani, akawapa mkono na kuwasalimu kwa Kiswahili, na wao wakamkaribisha muikku, samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa kwa siagi. Akawaonja, akaniambia, "Hawa ni dagaa waliolishwa vizuri," kisha akatoa limau na chumvi mfukoni.

Desemba tunarudi Chato. Nimeshazungumza na familia nyingine tatu za mtaani kwetu, tumekubaliana kuchangia boti moja kwenda Rubondo. Mama amesema sufuria atabeba mwenyewe, na kuni ataniachia mimi niulize mwenyewe ni nani.