Kreti Ina Kilo Ngapi?

Tamasha la mwisho nililohudhuria pale Uwanja wa Sokoine, msanii alichana karibu dakika nne mfululizo kuhusu njaa ya mtaani. Mheshimiwa akatajwa, shangingi likatajwa, posho za vikao zikatajwa. Uwanja ukalipuka. Nyuma ya mgongo wake lilining'inia bango la kampuni ya simu, limeenea jukwaa zima, linawaka kuliko taa zote. Kampuni haikutajwa. Na mimi, nikiri tu, nilipiga kelele kama wengine. Kiingilio nilikuwa nimelipa kwa simu, na makato yake nikayameza kimya kimya.

Simlaumu kwa woga. Mtu wa Mbeya akisema wana hip hop wa nchi hii ni waoga atakuwa amekosa adabu, maana Sugu ni wa kwetu. Alianza kuchana miaka ya 1990, tukamchagua kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na mwaka 2018 akafungwa gereza la Ruanda, hapahapa Mbeya, kwa maneno aliyosema kuhusu rais. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, wakaufungia, halafu siku hiyohiyo ya kuachiwa waziri wa habari, ambaye naye alikuwa mbunge wa Kyela, akatangaza kwamba rais ameagiza aachiwe. Ujasiri upo, na watu wameulipia.

Ninachoona ni kwamba ujasiri wote ule umeelekezwa mlango mmoja. Professor Jay alitoka kwenye kumcheka mwanasiasa wa ahadi hewa, mwaka 2015 akaingia bungeni yeye mwenyewe. Sugu alishatangulia. Ngazi ya harakati imeegemezwa Dodoma, kana kwamba anayekupangia bei ya jasho lako anakaa kule. Mbunge wangu simwoni kwa mwaka mara mbili. Anayenipimia mzigo kwenye mizani namwona kila wiki.

Tena jambo hili si la jana. Nani asiyekumbuka Tancut Almasi? Ile ilikuwa bendi ya Iringa, ya kiwanda cha kukata almasi. Dar kulikuwa na Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, na Bima Lee ya Shirika la Bima. Wazee wetu walipiga muziki mtamu kuliko chochote kinachopigwa leo (hapa sitaki ubishi), lakini mshahara ulitoka kwa mhasibu wa shirika. Utaimba nini kuhusu shirika? Utaimba mapenzi, utaimba wivu, utamwimba mke aliyeondoka. Bendi za mashirika zikafa, wakaja wadhamini. Mhasibu kabadilika tu.

Wimbo wa kupinga kampuni nilioujua mimi kwanza haukuwahi kurekodiwa. Shangazi yangu alichuma chai upande wa Tukuyu kwa miaka mingi, kwenye shamba ambalo sitalitaja. Unavaa aproni ya nailoni, unabeba kikapu mgongoni, unachuma majani mawili na kichipukizi, vidole vyeusi kwa utomvu. Mchana unapanga foleni kwa karani wa mizani. Kila furushi lilikatwa kilo mbili, zinaitwa za maji, kwamba majani yamelowa. Tukuyu kweli inanyesha, lakini hata siku jua lilipopasua mawe, kilo mbili za maji zilikatwa vilevile.

Kwa hiyo akina mama wakatunga. Walichukua tuni ya kanisani, Wamoravian wamekuwepo Rungwe tangu 1891 na tuni zao kila mtu anazo kichwani, wakaweka maneno yao kwa Kinyakyusa: ndaga fijo mizani, asante sana mizani, umekula umeshiba, na sisi tubakizie ya chumvi. Waliuimba kwenye foleni, sauti nne, wamepanga vizuri kama kwaya ya Pasaka. Nilimuuliza shangazi kwa nini kushukuru, kwa nini wasiseme wazi kwamba wanaibiwa. Akacheka.

"Wewe baba, ukisema unaibiwa kesho huna kazi. Ukishukuru, atakufukuza kwa shukrani?"

Miaka baadaye nikasoma habari za Joe Hill, Mswidi aliyehamia Marekani mwaka 1902 akawa mtunzi wa vibarua wa migodini, bandarini na kwenye reli. Naye alifanya hivyohivyo. Alichukua tuni ya wimbo wa kanisani unaosifia mbinguni, akaimba kuhusu wahubiri wanaomwambia mwenye njaa kwamba atakula akishakufa. Chama chake cha wafanyakazi kilichapa nyimbo hizo kwenye kijitabu cha kutia mfukoni, kibarua anakwenda nacho popote kazi ilipo. Alipigwa risasi na serikali ya jimbo la Utah mwaka 1915 kwa kesi ya mauaji ambayo mpaka leo wengi hawaiamini. Niliposoma nilimfikiria shangazi na kilo zake mbili. Wote wawili walijua kwamba tuni ambayo watu wanayo tayari haihitaji redio wala mdhamini.

Sasa mtoto wa shangazi huyohuyo analima parachichi. Dalali anakuja na kreti zake na mizani yake, anakata kilo nne kila kreti, anasema ni uzito wa kreti. Kijana ana sauti, ana simu, na rafiki yake ana kompyuta ya kutengeneza biti. Akatoa kitu cha dakika mbili, hakuna mheshimiwa wala bunge ndani yake, kiitikio ni swali moja: kreti ina kilo ngapi? Kikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wakulima. Kwenye sherehe moja ya kipaimara DJ akakipiga, na dalali alikuwepo. Alicheza. Alimtunza kijana elfu kumi, akambandika kwenye paji la uso.

Siku ya mzigo foleni ilikuwa ndefu, na mtu mmoja akaanza kukiimba chini chini. Wakadakia watatu, kisha wote. Dalali akatabasamu mara ya kwanza, mara ya pili hakutabasamu. Mwisho akachukua kreti tupu, akaiweka kwenye mizani mbele ya watu. Ikasoma kilo moja na nusu na kitu. Hakuna aliyesema neno. Siku ile alikata mbili.

Wiki iliyofuata alikuja na mizani mpya.