Gorbachev na Hazina Tupu ya Kremlin

Kila mjadala wa vita vya Ukraine ukipamba moto, hukosi kumsikia mtu akisema kwamba Mikhail Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Umoja wa Kisovieti, ndiye aliyeliuza taifa kubwa kwa Wamagharibi. Hoja hiyo ina uzito wake, na nitaifikia. Ila wanaoitoa huanza kuhesabu mwaka 1989, ukuta wa Berlin ulipoanguka. Mimi naanzia kwenye ngano.

Urusi ya wafalme ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nafaka duniani. Katikati ya miaka ya 1980, Umoja wa Kisovieti ulikuwa unaagiza zaidi ya tani milioni 40 kwa mwaka, sehemu kubwa kutoka Marekani, Kanada na Argentina. Taifa lenye maelfu ya makombora yaliyoelekezwa Marekani lilimtegemea mkulima wa Kansas kulisha mifugo yake. Rais wa Marekani Jimmy Carter aliujua udhaifu huo: Januari 1980, siku chache tu baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan, alizuia tani milioni 17. Ronald Reagan aliyemrithi, pamoja na chuki yake yote dhidi ya ukomunisti, aliondoa zuio hilo Aprili 1981 kwa kuwa wakulima wake mwenyewe walikuwa wanalalamika. Moscow ikaendelea kununua, ikilipa kwa fedha za mafuta. Kisha Saudi Arabia ikaongeza uzalishaji, na mwaka 1986 bei ya mafuta ikashuka hadi chini ya nusu. Pipa lilelile sasa lilileta nusu ya ngano ya mwaka uliotangulia, au pungufu. Pengo likazibwa kwa mikopo, na mkopeshaji alikuwa Magharibi hiyohiyo.

Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, mengi yanaeleweka. Mkataba wa kuteketeza makombora ya masafa ya kati, Desemba 1987. Ahadi ya kupunguza askari 500,000 ambayo Gorbachev aliitoa kwenye Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Kuondoka Afghanistan Februari 1989, baada ya askari wapatao 15,000 kupoteza maisha. Hata uhuru wa Namibia, Machi 1990, ulirahisishwa na Moscow kuchoka kugharimia vita vya Angola. Kwetu Afrika hilo si dogo.

Wakosoaji wana hoja nzito kuhusu Ujerumani. Februari 1990, James Baker, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alimwambia Gorbachev ana kwa ana kwamba NATO haitasogea mashariki hata inchi moja. Gorbachev hakudai maandishi, na mwaka 1999 Poland, Hungary na Jamhuri ya Czech zikajiunga. Septemba 1990 alivutana bei na Helmut Kohl, kansela wa Ujerumani Magharibi, kwa simu, wakaafikiana mark bilioni 12 na mkopo usio na riba wa bilioni 3, ili jeshi la Kisovieti la zaidi ya watu 300,000 liondoke Ujerumani Mashariki. Bei hiyo ilikuwa ndogo mno, nakubali. Lakini angefanya nini? Kupeleka vifaru kama watangulizi wake walivyofanya Budapest 1956 na Prague 1968? Benki zingefunga milango na meli za nafaka zisingefika.

Wengine humtaja Deng Xiaoping wa China, aliyefungua uchumi bila kuachia dola. Ila Deng alianza na mashamba: wakulima wa China walikuwa wamerudishiwa nafasi ya kulima na kuuza miaka kadhaa kabla Gorbachev hajaingia madarakani. Gorbachev aliyaacha mashamba ya ujamaa karibu kama alivyoyakuta, akaogopa kupandisha bei ya mkate, na kampeni yake ya mwaka 1985 dhidi ya pombe ikaikosesha serikali mapato makubwa. Kwa hayo simtetei, maana diplomasia yake iliyumba kwa sababu ya makosa aliyoyafanya nyumbani.

Julai 1991 alikwenda London kuwaomba msaada viongozi wa mataifa saba tajiri. Walimpa ushauri na ahadi za kitaalamu, wakamnyima fedha nyingi alizozihitaji. Ujerumani alikuwa ameshaiachia, Ulaya Mashariki imeshakwenda, na mezani hakuwa amebakiwa na cha kuwauzia.