Soli Imebaki Mapokezi

Kibanda changu cha viatu kinatazamana na geti la ofisi moja hapa Dar ambayo sitaitaja, kwa sababu wateja wangu wengi wanatoka humo. Siku za usaili nazijua bila kuambiwa. Saa moja asubuhi vijana wameshajipanga nje na bahasha za kaki, na kila mmoja anafutia kiatu nyuma ya suruali. Hapo napiga kiwi mpaka mkono unauma.

Siku hiyo alishuka kwenye daladala kijana mmoja mrefu, suti ya bluu, shati jeupe, tai imekaa vizuri. Kwa mbali, huyu kazi ameshapata. Kwa karibu, mpasuo wa nyuma wa koti bado umefungwa na ule uzi wa herufi X, na kwenye mkono wa kushoto, juu ya vifungo, kuna kitambaa cha jina la kiwanda. Wengi wanakiacha wakidhani ni urembo. Uzi ule unawekwa ili mpasuo usijikunje safarini, na kile kitambaa ni cha kumwonyesha mteja dukani. Ukishalipa, vyote viwili vinatoka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Geuka."

Uzi wa X haunyofolewi, utachana kitambaa. Unakata katikati ya msalaba kwa ncha ya wembe, kisha unavuta vipande kwa upande wa ndani. Kitambaa cha mkononi nacho kinakatwa nyuzi kwa chini, moja moja, huku umeinua pembe yake. Akataka nimfungulie na mifuko ya pembeni, nikakataa. Mfuko ukiwa umeshonwa, mtu hatatumbukiza simu, funguo na chenji ya daladala, na koti halitavutika upande mmoja. Kifungo cha chini nikamwambia akiache wazi. Ncha ya tai ilikuwa inagusa kichwa cha mkanda, sawasawa. Shati lilichungulia kwenye mkono wa koti kama sentimita moja, sawasawa tena. Nikaanza kumpenda.

Nikashuka macho hadi miguuni.

Viatu vyeusi, vinang'aa, mkunjo hata mmoja hakuna juu ya vidole. Nikamuuliza amevipata wapi.

"Baba mdogo alininunulia nilipomaliza chuo. Nikavitunza kwenye boksi juu ya kabati, nikasema nitavivalia siku ya usaili. Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Chuo ulimaliza lini?"

"2016."

Moyo ukanifanya paa! Nikamwomba anyanyue mguu nibonyeze soli kwa ukucha. Soli hai ikibonyezwa inarudi. Iliyokufa inabaki na shimo, au inanata kidoleni, na pembeni ina nyufa nyembamba ambazo mtu huzidhania mikwaruzo. Kabla sijagusa, mlinzi wa getini, ambaye mimi namwita braza, akaanza kuita majina. Kijana akavuka barabara mbio. Katikati ya barabara kikadondoka kitu cheusi. Bajaji ikakikanyaga, kikawa unga.

Soli nyingi za viatu vyepesi vya ofisini ni povu linaloitwa poliyurethani. Ni laini, halichoshi mguu, lina bei nzuri, lakini adui yake ni unyevu. Mvuke wa hewani unaingia ndani taratibu na kukata viungo vinavyoshikilia povu, na joto linauharakishia kazi. Kwa hewa yetu ya Pwani, boksi lililofunikwa juu ya kabati, chini ya bati, ni jiko. Kile kipakiti cha chembechembe za kunyonya unyevu kikishashiba hakisaidii tena. Kiatu kinachovaliwa mara kwa mara kwa kawaida huchelewa kuoza kuliko kilichofichwa. Na ubaya wake ni kwamba soli hiyo inakufa huku ngozi ya juu bado bikira, kwa hiyo mwenye kiatu hana habari, anaendelea kupiga kiwi. Soli ya mpira wa kweli ni nzito na haibonyei kirahisi, lakini haifanyi usaliti wa namna hii.

Haikupita nusu saa, braza akanipungia mkono kutoka getini, anaita kwa vidole vyote kumi. Nikabeba kisanduku changu.

Mapokezi kuna vigae vyeupe. Kutoka mlangoni hadi kwenye viti kulikuwa na msururu wa makombo meusi, na dada wa usafi yuko nyuma na fagio, anafuata msururu huo huku anaguna. Amefagia mara mbili, akigeuka kuna mengine. Mwisho wa msururu ameketi kijana wangu, miguu ameinyanyua hewani, bahasha ameibana kifuani. Kisigino cha kulia kimebaki nusu. Soli ya kushoto ilikuwa imelala peke yake chini ya meza ya maua, nzima, imetangulia.

"Fundi, gundi!" akaninong'oneza.

Jirani yake, msailiwa mwenzake, akatoa mfukoni kichupa cha supagluu. Roho nzuri, ushauri mbaya. Supagluu ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na kiatu kinakunjika kila hatua, kwa hiyo hatua ya tatu inakatika. Gundi yangu ya kopo ni bora, ila ina taratibu zake: unapiga msasa pande zote mbili, unapaka pande zote mbili, unasubiri dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa haishiki kidole, ndipo unabana na kugonga nyundo, na unakiacha hadi kesho yake. Tena hapo gundi ingeshika nini? Ingeshika makombo, na makombo yenyewe hayashikani. Kushona ni yale yale, uzi utapita kwenye unga. Msumari usiseme. Dawa ya kiatu kile ni kukwangua povu lote, kupiga msasa tumbo la kiatu, kuweka soli mpya ya mpira, kubandika na kushona kuzunguka. Kazi ya kutwa, na namba iliyokuwa ndani ilikuwa ya nne. Yeye alikuwa wa sita.

Tukaangalia miguu ya watu. Wasailiwa wote wakaficha ya kwao chini ya viti kwa mpigo mmoja. Mimi nilikuwa na ndala. Kibandani nilikuwa na mali za wateja tu, na kilichokuwa tayari kilikuwa kiatu cha mama mmoja cha kisigino kirefu, rangi ya dhahabu. Ndipo macho yetu yote yakamgeukia braza na buti zake nyeusi za ulinzi.

"Hapana," akasema braza.

"Dakika ishirini tu."

"Niko lindo!"

"Lindo unakaa kibandani, nani atakuona miguu?"

Akavua, huku analaani ukoo wangu.

Buti namba 9, mguu namba 7. Namba mbili zinazibika ukijua pa kuzibia. Karatasi haijazwi mbele peke yake, kidole kitagota lakini kisigino kitaendelea kucheza na utasikika unakuja toka ngazi ya chini. Nilikunja gazeti bapa nikalilaza kama soli ya ndani, nikaweka donge dogo la karatasi puani, nikamvalisha na soksi za jirani juu ya zake. Kamba nikazikaza kwenye kifundo, huko ndiko buti inakoshikia mguu, na ncha nikazizamisha ndani. Suruali ikashuka juu ya shingo ya buti, ikabaki pua tu inaonekana. Kwa hiyo nikashughulikia pua tu: brashi kavu kutoa vumbi, kiwi kidogo sana kwa kitambaa, dakika chache ikauke, brashi tena, halafu tone moja la maji na kitambaa safi kwa mizunguko midogo. Maji yale ndiyo yanayoleta kioo. Kiwi nyingi haileti kung'aa, inaleta utando unaoshika vumbi na kuchafua suruali ya jirani.

Namba sita ikaitwa. Akaondoka anatembea kama anakagua gwaride.

Nikarudi nje. Mara gari la mkubwa hilo, linapiga honi. Sheria ya pale, mlinzi hutoka na kile kioo cha mti kuchungulia chini ya gari. Braza akachungulia dirishani mwa kibanda, akaniangalia, akamwangalia mkubwa, akatoka. Soksi tupu, kidole gumba cha kushoto kiko nje kinapunga hewa. Akakagua gari lote, akapiga saluti, kisigino kwa kisigino, bila sauti. Mkubwa akashusha kioo.

"Buti ziko wapi?"

"Ziko kwenye usaili, mheshimiwa."

Mkubwa akapandisha kioo, akaingia. Mpaka leo hatujui alielewa nini.

Kijana alinisimulia baadaye kwa simu yaliyotokea ndani. Alijibu vizuri, vyeti halisi alikuwa navyo vyote kwa mpangilio, ila kila akibadilisha mguu gazeti lilikuwa linalia. Mwishoni mzee mmoja wa jopo akainama kidogo, akatazama chini ya meza, akauliza, "Kijana, umepita JKT?"

"Hapana, mheshimiwa. Viatu ndiyo vimepita."

Jopo zima likacheka, na yeye akatoka kwa furaha hiyo hiyo, akashuka ngazi, akapita geti la nyuma, akapanda daladala. Na buti.

Braza alimaliza lindo na ndala zangu, mimi nikakaa kibandani peku. Jioni buti zikaja na bodaboda, zimefungwa kwenye mfuko wa rambo, gazeti bado limo ndani. Dereva akasema mzigo haujalipiwa, anadai elfu tatu. Braza akasema alipe fundi, kwa kuwa wazo lilikuwa la fundi. Nikasema alipe mwenye buti, buti ni zake. Tukampigia kijana simu, inaita tu, kumbe yuko dukani anachagua viatu.