Nimezaliwa chini ya Kibo, mlima nimeupandia Wales

Baba mmoja wa Kiwelishi, mtoto wake kamfunga mgongoni kwenye kibebeo, alituuliza tunatoka wapi. Nikamwambia tunaishi Manchester, ila kwetu ni Marangu, Kilimanjaro. Uso ukamng'aa. Kumbe kapanda! Njia ya Machame, siku saba, na "pole pole" yake hajaisahau mpaka leo. Akataka kujua mimi nimefika kileleni mara ngapi. Nikacheka kile kicheko cha kupotezea. Binti yangu wa miaka saba hakunisitiri: "Baba hajawahi kupanda. Anauangaliaga tu."

Imeniuma, na sijui nimkasirikie nani.

Tulikuwa Eryri, hifadhi ya taifa kaskazini mwa Wales, kwenye njia ya zamani ya wachimba shaba inayotoka Pen-y-Pass mpaka ziwa Llyn Llydaw. Njia pana, hata mtoto wa miaka minne anaiweza ukimchombeza kwa biskuti. Geti hakuna, kibali hakuna, wa kukusindikiza hakuna. Watoto wamejaa matope mpaka magotini, mabibi na fimbo zao mbili mbili, mbwa wanapita katikati ya miguu ya watu. Mke wangu kambeba kitinda mimba kwa khanga, mimi nimeshika chupa ya uji.

Na mlima wenyewe sasa! Yr Wyddfa, mrefu kuliko yote Wales, una mita 1,085. Geti la Marangu, mahali ambapo mtu ndio kwanza anafunga kamba za viatu, liko juu kuliko kilele chao kwa mamia ya mita. Kwetu hicho kingekuwa kilima cha kulishia mbuzi. Na bado wamekipelekea treni mpaka juu tangu 1896.

Lakini kilima chao wanakipenda, jamani. Mwaka 2022 mamlaka ya hifadhi iliamua itumie majina ya Kiwelishi, Eryri na Yr Wyddfa, badala ya yale ya Kiingereza. Na Jumamosi wanawapeleka watoto wao kama sisi tunavyowapeleka wetu kwa bibi.

Najua kuna mtu kashaanza kuandika: "Haya, mwenzetu kafika Ulaya, sasa anatufundisha kutembea." Mwingine: "Watu hatujamaliza ada, tupande mlima kutafuta nini?" Ngoja kwanza. Mimi sikukulia hotelini. Bibi yangu alikuwa akiingia kwenye ule ukanda wa msitu wa nusu maili, juu ya vijiji vyetu, kukata majani ya ng'ombe na kuokota kuni, anateremka na mzigo mkubwa kuliko yeye. Mjomba wangu ni mpagazi, mwaka wa ishirini na kitu huu anapandisha mabegi ya wageni. Kanuni inasema mzigo mwisho kilo 20. Ukimtajia kanuni anakuangalia tu, halafu anaomba chai.

Kwa hiyo sisemi hatuujui mlima. Tunaujua kwa shingo na mgongo. Ninachosema ni kwamba sijawahi kushikwa mkono nikiwa mdogo nikaambiwa twende juu tukacheze. Hata siku moja. Na hapo msiniletee habari ya hela, kwa sababu raia analipa kiingilio kwa shilingi, kidogo mno ukilinganisha na dola za mgeni. Kiongozi ni gharama, sawa. Ila Wachaga tunajuana. Disemba tunajaza mabasi kwenda nyumbani, tunachinja, mbege inashuka, kipaimara hiki na harusi ile, kreti juu ya kreti, tunaweka marumaru kwenye nyumba ya kulala siku kumi kwa mwaka. Asubuhi mawingu yakifunguka tunapiga picha na Kibo nyuma ya migomba. Basi, tumemaliza utalii.

Wala sisemi Wales ni peponi. Maegesho ya Pen-y-Pass yanataka uagize nafasi mtandaoni mapema. Sisi hatukujua, tukarudishwa, tukaacha gari Nant Peris na kusubiri basi na watoto wenye njaa. Mvua ya Julai inakuja kwa ubavu, koti halisaidii. Na ukiangalia huku na huku unaona nini? Mawe na kondoo. Kondoo! Ile njia ya kwetu kutoka getini ni msitu mtupu, miti ina ndevu, mbega wanaruka juu ya kichwa chako na mikia yao myeupe. Nimeyajua haya kwenye picha za simu za Mzungu yule yule. Alinionyesha yeye, akiniambia majina ya maua ya kwetu.

Nimempigia mama. Nimemwambia Disemba hii nawapeleka wajukuu Mandara, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, mita 2,720, asubuhi kwenda jioni kurudi, wakichoka njiani tunageuza. Akakaa kimya.

"Huko Mandara kuna nani?"

Nikaanza kumweleza habari za mbega. Simu ikachukuliwa na mjomba, alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Yeye hakuuliza kuna nani. Aliuliza mzigo utakuwa kilo ngapi.